Tairi Huliwa Upande Usioonekana

Leo naomba tuweke siasa pembeni. Bunge lipo, vikao vipo, na kesho nitarudi kwenye kazi inayonilipa mshahara. Leo nataka tuongelee tairi.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Vumilieni kidogo. Kila mmoja wetu hupanda gari, liwe lake, la ofisi, la shemeji au daladala, na gari hilo hugusa barabara kwa vipande vinne tu vya mpira. Kila kipande kina ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Basi. Gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa, viganja hivyo vinne ndivyo vinavyoshika lami, vinavyokata kona na vinavyofunga breki.

Aliyenisukuma kuandika ni rafiki yangu mmoja tuliyekaa naye bweni moja pale Mlimani. Siku hizi ana kazi nzuri na ana Toyota Altezza. Jina lake amenikataza kulitaja, kwa hiyo tumwite Jamaa. Jamaa ameishusha Altezza yake mpaka inakaribia kubusu lami, kisha akayalaza matairi yote manne: juu yameingia ndani, chini yametoka nje. Ukiitazama kwa nyuma ni kama mtu aliyesimama huku ametanua miguu. Vijana wa mtaani kwao wanaipigia makofi.

Nilimuuliza swali moja tu: kwa nini? Akanijibu kwa swali.

"Kaka, mbona Formula 1 wanafanya?"

Swali zuri hilo, na mwandishi wa habari akikutana na swali zuri haliachi njiani. Kwa wiki tatu nimekuwa nikisoma, nikitazama mbio za zamani usiku na kuwasumbua mafundi wa Gerezani. Mmoja wao, mzee ambaye vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa grisi, ndiye aliyenifungua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

"Halina kitu, mzee. Nimekuja na maswali."

Akacheka. "Haya, lete. Na maswali nayo tunayapiga alaimenti."

Alaimenti, kama alivyonieleza, ni kupanga pembe ambazo magurudumu yanakaa nazo. Pembe zenyewe ni tatu: kemba, tou na kasta. Nitazieleza moja moja, kwa sababu bila kuzielewa huwezi kumjibu Jamaa.

Kemba ni kule kulala kwa tairi ukilitazama kwa mbele au kwa nyuma. Juu likiingia ndani, mafundi wanaita kemba hasi. Likitoka nje, kemba chanya. Sasa kwa nini mtu alaze tairi? Fikiria umesimama ndani ya daladala, hujapata kiti. Dereva akikata kona kwa nguvu kwenda kulia, mwili wako unatupwa kushoto. Konda mzoefu hilo analijua, kwa hiyo anatanua miguu kabla kona haijafika. Wewe uliyesimama miguu pamoja ndiye unayemwangukia mama wa watu.

Gari nalo ni hivyohivyo. Likikata kona ya kulia, mwili wake unalalia kushoto na mzigo mwingi unaenda kwenye matairi ya kushoto. Tairi lililokuwa wima sasa linaegemea ukingo wake wa nje, na ukingo wa ndani unakosa mzigo. Kile kiganja kinakuwa nusu kiganja, hapohapo unapokihitaji zaidi. Lakini kama tairi lililazwa ndani tangu mwanzo, gari linapoinama tairi linanyooka, na kiganja kizima kinakanyaga lami. Ndiyo maana gari la mashindano likiwa limesimama linaonekana kama miguu imelegea. Limepangiwa kona, halikupangiwa maegesho.

Magari mengi ya kawaida hutoka kiwandani na kemba iliyo kati ya sifuri na digrii 1 hivi ya kulala ndani. Gari la kawaida likiandaliwa kwa ajili ya saketi, si ajabu likawekewa digrii 2 hadi 3 na nusu, kutegemea gari lenyewe na aina ya tairi. Na hawakisii. Gari linaporudi kutoka uwanjani, fundi anachoma sindano ya kipimajoto kwenye mpira sehemu tatu: ndani, katikati na nje. Ukingo wa nje ukiwa na joto kuliko wa ndani, tairi linahitaji kulazwa zaidi. Wa ndani ukiwa na joto kupita kiasi, limelazwa mno. Katikati kukizidi kingo zote mbili, upepo umejaa sana. Hapo ndipo wanapobadilisha, kidogo kidogo, kisha gari linarudi uwanjani na kupimwa tena.

Pembe ya pili ni tou. Hii unaitazama kwa juu, kama ndege. Je, magurudumu mawili ya mbele yanatazama mbele sawasawa, au yanatazamana, au kila moja linatazama kwake? Ni kama mtu anavyotembea. Wako wanaotembea vidole vikielekea ndani, na wako ambao vidole vinaelekea nje. Magurudumu ya mbele yakitazama ndani kidogo, gari linatulia kwenye barabara iliyonyooka. Yakitazama nje kidogo, gari linaingia kona upesi mara unapogusa usukani. Madereva wa saketi wanalipenda hilo. Lakini kwenye njia iliyonyooka gari hilo halitulii. Linanusa kila mfereji wa lami, na mikono ya dereva haipumziki.

Halafu kuna gharama. Tairi linalotazama pembeni huku gari likienda mbele linabingirika na kuburuzwa kwa wakati mmoja. Nilipiga hesabu kwenye daftari langu. Gurudumu likikosea kwa nusu digrii tu, kila kilomita linavutwa kwa ubavu karibu mita 9. Dar hadi Morogoro ni karibu kilomita 190. Kwa hesabu hiyo, ukifika Morogoro tairi limeburuzwa kwa ubavu zaidi ya kilomita moja na nusu. Nenda na kurudi, zaidi ya kilomita 3. Jaribu kuvaa kandambili na kuziburuza kiubavu umbali huo juu ya lami, kisha uniambie zimebaki nini.

Ya tatu ni kasta, mlalo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia unapokata usukani. Tazama baiskeli: ile fomu ya mbele haijasimama wima, imelala kidogo kurudi kwa mwendeshaji. Mlalo huo unasaidia usukani kurudi wenyewe ukiuachia baada ya kona. Kasta ikiongezwa, gurudumu la nje linajilaza ndani zaidi kila unapokata usukani, na ukinyoosha linarudi. Kwa hiyo watu wa saketi wanaipenda, maana inawapa kemba kwenye kona bila kuwatoza sana kwenye njia iliyonyooka. Usukani ndio unaokuwa mzito.

Mpaka hapo nilidhani Jamaa amenishinda. Kulaza tairi kuna maana, na kuna maana kubwa. Lakini nikaendelea kusoma, nikafika Marekani.

Kule kuna mbio za NASCAR, na nyingi huchezwa kwenye viwanja vya mviringo ambavyo magari hukata kona kwenda kushoto tu. Magari yanayopangwa kwa viwanja hivyo, matairi ya kulia yanalazwa ndani, na ya kushoto yanalazwa nje. Yaani yote manne yanaegemea kushoto, kama bodaboda anayekata kona. Kwa uwanja ule huo ni mpangilio sahihi kabisa. Ukilileta gari hilo barabara ya Bagamoyo, litakuvuta upande mmoja tangu Mwenge mpaka ufike.

Hapo nikaanza kuelewa jambo. Hakuna alaimenti nzuri inayofaa kila mahali. Kila alaimenti ni jibu la swali moja: gari hili litapita njia gani? Jamaa amenakili jibu la mtihani ambao yeye hajapewa.

Na hata wenye mtihani wenyewe linawatesa. Pembe inayosaidia kwenye kona ndiyo inayodhuru kwenye njia iliyonyooka, na saketi ina vyote viwili. Februari 2020, kwenye majaribio ya Formula 1 mjini Barcelona, kamera ndani ya gari la Lewis Hamilton ilionyesha kitu ambacho watu hawakuwa wamekizoea. Akifika kwenye njia iliyonyooka, anauvuta usukani mzima kuja kifuani kwake. Akikaribia kona, anausukuma kurudi mbele. Mercedes walikuwa wametengeneza mfumo walioupa jina la DAS, unaobadilisha tou ya magurudumu ya mbele wakati gari linakwenda. Ukiuvuta, magurudumu yaliyokuwa yanatazama nje yananyooka. Ukiusukuma, yanarudi kutazama nje tayari kwa kona. Kwa njia hiyo dereva aliweza kuchezea hata joto la matairi yake.

Julai mwaka huohuo, kwenye mbio za Austria, Red Bull waliuwekea pingamizi mfumo huo, na wasimamizi wakalitupa. Hata hivyo kanuni za mwaka 2021 zikaupiga marufuku. Fikiria: timu iliyojaa wahandisi wa kiwango cha juu iliona kwamba nusu digrii hapa na nusu digrii pale ni jambo la kutengenezea usukani mpya. Sisi mtaani tunalaza tairi kwa macho.

Nikirudi kwenye kemba, mambo yanatisha zaidi. Agosti 2011 Formula 1 walikuwa Spa, Ubelgiji, saketi ya kilomita 7 yenye mwendo mkali. Pirelli, waliotengeneza matairi, walishauri kemba ya mbele isizidi digrii 4. Red Bull walipita hapo. Jumamosi, baada ya kupanga nafasi za kuanzia, matairi yao ya mbele yalikutwa na malengelenge kwenye ukingo wa ndani. Mpira ulikuwa umechemka. Kwa kanuni za wakati ule walitakiwa kuanza mbio na matairi yaleyale, na ombi la kuyabadilisha likakataliwa. Jumapili Sebastian Vettel na Mark Webber wakaanza hivyohivyo, wakaingia kubadilisha mapema, na mwisho wakashika nafasi ya kwanza na ya pili. Ukitazama matokeo tu utasema waliwini kamari. Lakini Adrian Newey, mhandisi aliyebuni gari lile, alisema baadaye kwamba zilikuwa miongoni mwa mbio zilizomtia hofu kuliko zote.

Miaka miwili baadaye, Juni 2013, Silverstone Uingereza, haikuwa malengelenge tena. Hamilton akiwa anaongoza, tairi lake la nyuma kushoto likapasuka. Akafuata Felipe Massa, kisha Jean-Éric Vergne, na kabla mbio hazijaisha Sergio Pérez, kila mmoja tairi la upande uleule. Vipande vya mpira vikawa vinarukia magari yaliyokuwa nyuma. Uchunguzi wa Pirelli ulitaja mambo kadhaa kwa pamoja: matairi ya nyuma yaliyobadilishwa pande, upepo mdogo, kemba iliyozidi, na kingo za saketi zilizokanyagwa kwa nguvu. Kuanzia mbio zilizofuata, Ujerumani, kilichokuwa ushauri kikageuzwa kuwa amri, kemba ikiwamo.

Sasa turudi kwa Jamaa. Nilimbembeleza, nikamnunulia chakula cha mchana, mwisho akakubali tupeleke Altezza Gerezani. Kilichonisumbua hasa si gari lake. Kila mwisho wa mwezi Jamaa humchukua mama yake na wadogo zake wawili kwenda nao Morogoro, kwa bibi. Hapo ndipo swali la Formula 1 linapoacha kuwa mzaha wa vijana.

Mzee hakuanza na mashine. Alilizunguka gari akitazama matairi kwa nje. Mpira ulikuwa mzuri, makunyanzi yake bado marefu. Jamaa akanitazama kwa ushindi. Kisha mzee akainua gari kwa jeki, akalala juu ya boksi, akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la nyuma. Akakitoa polepole, akamwambia Jamaa:

"Mwanangu, weka mkono wako hapa. Taratibu, usijichane."

Upande wa ndani hapakuwa na mpira. Palikuwa na kipara, na katikati ya kipara nyaya zimeanza kuchungulia. Tairi la upande wa pili lilikuwa hivyohivyo. Kutoka nje usingejua. Trafiki angepita asijue. Mama yake Jamaa angeingia ndani ya gari, akafunga mkanda na kuanza kumenya machungwa yake asijue.

Ndipo mashine ikaletwa. Kemba ya nyuma ilikuwa imepita digrii 3. Lakini mzee alikunja uso zaidi alipoona tou. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanatazama nje, kila moja kwake.

"Nani aliipima tou baada ya kulishusha?"

Jamaa akakaa kimya. Hakuna aliyepima.

Mzee akatueleza kwamba ukilishusha gari, vyuma vinavyoshika gurudumu vinabadilika mlalo, na vikibadilika mlalo vinavuta au kusukuma gurudumu. Tou inahama yenyewe. Kwa hiyo kila springi ikibadilishwa, alaimenti inaanza upya. "Kulala peke yake kunakula, lakini kunakula polepole," alisema. "Kinachomaliza tairi upesi ni kuburuza. Hili lako linalala na linaburuza, na mzigo wote uko ukingo mmoja. Hawezi kukusamehe."

Nilipenda alivyolisema tairi kama mtu.

Jamaa alijitetea kidogo, ile ya mwisho mwisho. Kwamba hata Formula 1 matairi yanaisha. Ni kweli, yanaisha. Lakini tairi la Formula 1 halitakiwi kuishi muda mrefu. Likitoka kwenye gari kuna watu wanaolikagua kila sentimita. Likipasuka, dereva yuko peke yake ndani ya gamba la nyuzi za kaboni, amefungwa mikanda, na mbele yake kuna eneo lililoachwa wazi kwa ajili ya kutoka njiani. Likipasuka Chalinze, mbele yako kuna lori la mizigo, kulia kuna basi, na nyuma wadogo zako wamelala. Tena barabara yenyewe sehemu kubwa imenyooka. Ile kona ambayo kemba ya digrii 3 inaisubiri haiji, na tairi linaendelea kulipa.

Jamaa hakuinua gari lote. Ninamfahamu, asingeinua. Ila alinunua matairi mapya, kemba ikapunguzwa mpaka pale vyuma vilipokubali, na tou ikanyooshwa huku yeye amesimama anaisoma kwenye skrini. Gari bado liko chini na vijana bado wanalipigia makofi, ila siku hizi makofi yamepungua. Mwisho wa mwezi uliopita mama yake alikwenda Morogoro akarudi.

Kuna sentensi moja ambayo kazini kwetu hupita mezani mara nyingi: "Chanzo cha ajali ni kupasuka kwa tairi." Afisa anaisema, mwandishi anaiandika, mhariri anaipitisha, na habari inafungwa hapo kana kwamba tairi lilijiamulia. Tangu siku ile Gerezani, nikitumwa kwenye ajali huongeza swali moja: tairi lenyewe liko wapi, na liliisha upande gani? Mara nyingi naangaliwa kama mtu aliyepotea njia. Lakini tairi huwa limeandika kila kitu. Likiisha ukingo wa ndani tu, lilikuwa limelala au linatazama nje. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Katikati tu, upepo ulizidi. Ukipitisha kiganja kwa upana wake, kikateleza ukienda na kukwaruza ukirudi, lilikuwa linaburuzwa.

Wewe mwenye gari, huhitaji mashine kuanza. Kata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele litakuonyesha tumbo lake la ndani. Ya nyuma yanahitaji uchuchumae na kuchafua suruali. Ukienda kufanya alaimenti, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, usiridhike na "tayari, bosi". Na ujue kwamba magari mengi madogo tunayoendesha, kwa vyuma vyake vya kiwandani, hurekebishwa tou ya mbele tu. Kemba ikiwa imehama sana, huenda kuna kitu kimepinda au bushi imekufa, na hilo halitibiwi kwa kuzungusha nati.

Wewe usiye na gari, ukipewa lifti ya safari ndefu na mtu ambaye matairi yake yametanua miguu, muulize kwa upole kama amewahi kutazama upande wa ndani. Akikuuliza mbona Formula 1 wanafanya, mwambie ndiyo, wanafanya, na kila gari likirudi kuna mtu anayechoma sindano kwenye mpira kuupima joto. Kisha muulize, la kwake linapimwa na nani?